Osileta uliyojitengenezea inavuma? Usilehemu kitu kwanza

Osileta (saketi inayotoa mlio wa muziki) yangu ya kwanza niliijenga na aisii moja tu, CD40106, ile yenye mageti sita ndani, nikaweka rezista, kapasita na volyumu moja ya kupandisha na kushusha nota, mchana ikalia safi kabisa. Ilipofika jioni ikaanza kuvuma kwa chini kama friji bovu. Nikabadilisha aisii, nikalehemu upya bodi nzima, wapi! Kumbe bodi haikuwa na kosa lolote.

Kwa hiyo cha kwanza, chomoa pawasaplai af washa osileta na betri ya volti 9. CD40106 inatosheka na betri moja, kama yako inataka chanya na hasi basi chukua mbili, zifuatanishe, pale zinapokutana ndo graundi. Mvumo ukipotea, mchawi ni umeme wako. Ukibaki, yuko kwenye bodi au waya.

Tuseme ni umeme. Sikiliza mvumo wenyewe, tafuta nota inayofanana nao kwenye kinanda. Umeme wetu ni 50 Hz, ambayo inakaa karibu sana na G ya chini kabisa (49 Hz), na ukishapita kwenye dayodi nne unakuwa 100 Hz, yaani G inayofuata juu yake. Ukisikia ile ya 100, kapasita kubwa ya pawasaplai imechoka au ni ndogo, au volti zinazoingia hazitoshi, na hii ya mwisho ndo ilinitesa mimi. Transfoma ya volti 12 inatoa kilele cha kama 17, toa 1.4 za dayodi unabaki na 15.5, na 7812, ile aisii ya kutuliza volti, inataka angalau 14 na kitu ili itoe 12 iliyotulia. Sasa jioni mtaa mzima umewasha kila kitu, umeme unashuka kutoka 230 mpaka 200, baada ya dayodi kilele kinabaki 13 na ushee, 7812 inashindwa, mvumo unapita wazi. Weka transfoma ya volti 15 na kapasita ya 2200 µF kwenda juu, na 7812 uifunge bati la kupozea maana itachemka.

Kama unatumia adapta nyepesi za kisasa hutasikia mvumo, utasikia mlio mwembamba kama mbu. Pale umeme unapoingia kwenye bodi pitisha kwenye rezista ya ohm 10, baada yake kapasita ya 47 µF kwenda graundi. Mbu wengi wanafia hapo.

Haya, bodi. Kapasita ya 104 (yaani 0.1 µF) iwe kati ya pini 14 na 7, zile za umeme na graundi, imebana aisii kabisa, sio sentimita tano pembeni. Halafu mageti usiyoyatumia, hili watu wanalidharau sana, ukiacha pini za kuingilia zinaelea zinadaka kila takataka hewani na geti linaanza kulia lenyewe. Pini za kuingilia ni 1, 3, 5, 9, 11 na 13, zile zisizo na kazi zipeleke graundi. Za kutokea ziache wazi, usije ukaziunga graundi. Na ukiweka osileta mbili ndani ya aisii moja zitavutana tu hata ufanyeje, nota zikikaribiana moja inamfuata mwenzie, mi nikitaka mbili natumia aisii mbili.

Wenye osileta kubwa za volti moja kwa oktava (ukiongeza volti 1, nota inapanda oktava nzima), kwenu kelele haiji kama mvumo, inakuja kama sauti inayotetemeka au isiyo safi. Milivolti 1 tu inasogeza nota kwa senti 1.2 (senti 1200 ndo oktava moja), kwa hiyo milivolti 5 za mvumo kwenye waya wa kuongozea nota zinakupa senti 6, sikio zuri linashtuka. Waya huo uwe mfupi, wa kufunikwa na wavu, upite mbali na transfoma.

Na kama kelele inatokea pale tu unapounga kwenye laptop, chomoa chaja ya laptop usikilize. Ikinyamaza, ni graundi mbili zinazungukana, weka transfoma ndogo ya sauti katikati. Kuna mafundi watakwambia ukate pini ya ardhi kwenye plagi, usikubali, hiyo pini ndo inakulinda usipigwe shoti.