Jinsi ya kumsaidia kijana wa besiboli chuoni apate timu ya kiangazi

Kama kijana wako anacheza besiboli chuoni huko Marekani na unataka apate timu ya kiangazi, yaani timu ya ligi za wachezaji wa vyuo zinazochezwa wakati wa likizo, anzeni mapema, na mapema namaanisha Septemba au Oktoba, sio mwezi wa nne. Timu nyingi zinajaza nafasi hata kabla msimu wa chuo haujaanza mwezi wa pili, na mara nyingi nafasi inatoka kwa simu moja tu, kocha wa chuo anampigia meneja wanayejuana. Kwa hiyo kijana mwenyewe, sio wewe mzazi tafadhali, aende kwa kocha amuulize, "Kocha, kiangazi hiki unaona nicheze wapi, na nikafanyie kazi nini?" Hilo swali la pili lina uzito sana, maana mrushaji aliyerusha iningi (vipindi vya mchezo) nyingi msimu mzima anaweza kuambiwa apumzishe mkono, na hapo msikilizeni kocha.

Kwenye kuchagua ligi ndo watu wanakosea. Kila mtu anaitaka Cape Cod kule Massachusetts, lakini ina timu 10 tu na wanaoitwa ni wale moto kabisa. Zipo Northwoods, Coastal Plain, na Appalachian ambayo tangu 2021 ni ya wachezaji wa vyuo. Mimi naamini kabisa bora timu ndogo anayocheza kila siku kuliko jina kubwa anakaa benchi miezi miwili, kwa hiyo ulizeni wazi kwenye nafasi anayocheza uwanjani tayari wapo wangapi.

Kama kocha hana watu huko, aandike mwenyewe kwa mameneja. Imeili fupi, nafasi anayocheza, urefu, uzito, takwimu, namba ya kocha, na video ya dakika mbili isiyo na muziki. Mrushaji apigwe video kwa nyuma na kwa ubavuni, mdakaji aonyeshe anavyotupa mpira hadi beis ya pili, na saa ionekane ili muda upimike.

Mpigaji aanze kuzoea gongo la mbao, chuoni wanapigia ya chuma ila ligi nyingi za kiangazi ni mbao, na mpira ukikupata karibu na mikono gongo linapasuka na vidole vinakufa ganzi.

Mshahara hakuna, wengi wanakaa bure kwa familia za wenyeji. Ulizeni kama kuna ada na usafiri ni wa nani. Mwanafunzi wa kigeni asishike kibarua chochote kabla hajaongea na ofisi ya wanafunzi wa kigeni chuoni.

Mkichelewa msikate tamaa. Mwezi wa sita mwanzoni timu zinapungukiwa kwa sababu wengine bado wako na vyuo vyao hadi fainali za ubingwa wa vyuo kule Omaha, ndo zinatoa mikataba ya muda, halafu Julai wengine wanachukuliwa kwenye drafti, pale timu za kulipwa zinapochagua wachezaji, wengine wanaumia. Aendelee na mazoezi, awatumie mameneja ujumbe tena, na begi likae limepangwa, maana meneja akipiga Jumatatu anaweza kumtaka uwanjani Jumatano.