Kuku akifa ghafla, kagua mzoga kabla ya kuutupa

Kuku aliyekula vizuri jana jioni anaweza kukutwa amekufa asubuhi bila ugonjwa wowote kuingia bandani. Wafugaji wengi huutupa mzoga upesi, kisha huwanywesha waliobaki antibayotiki kwa kubahatisha. Wengine humla. Tafadhali, kuku aliyejifia asiliwe na mtu wala mbwa.

Anza na walio hai. Ukiona wamezubaa, mabawa yameshuka, wanahema kwa shida, wanaharisha kijani au wanapinda shingo, au wamekufa kadhaa ndani ya siku chache, chukulia kuwa huenda ni mdondo au mafua makali ya ndege. Hapo usipasue mzoga, usiuze wala kuhamisha kuku, na umwite mtaalamu wa mifugo siku hiyohiyo.

Kama ni mmoja tu na wenzake wanachakura kama kawaida, vaa glavu na barakoa umkague. Pitisha kidole kwenye mfupa wa kidari. Ukiwa umechongoka kama kisu, bila nyama pembeni, huyo alikuwa akikonda kwa wiki nyingi. Kuku huficha ugonjwa hadi nguvu zimwishie, na manyoya humfanya aonekane mnene, kwa hiyo kifo chake cha ghafla hakikuwa cha ghafla. Gole, yaani kifuko cha chakula chini ya shingo, likiwa gumu na limejaa nyasi ndefu, limeziba. Tazama pia kama kuna majeraha shingoni na chini ya mabawa. Upanga wa kichwani uliopauka huashiria upungufu wa damu: ama imevuja ndani, ama utitiri umeinyonya. Utitiri mwekundu hujificha kwenye nyufa mchana, basi mulika vibao vya kulalia usiku.

Akiwa mnene na mtagaji mzuri, shuku ini. Mtaalamu akimpasua hukuta mafuta mengi tumboni, donge la damu, na ini la njano linalomumunyuka likiguswa. Ini limejaa mafuta hadi likapasuka, hasa kwa sababu ya vyakula vya kutia nguvu kupita kiasi na kukosa mwendo. Joto kali huzidisha hatari. Akikuta tumboni majimaji ya njano yenye mabonge kama kiini kilichopikwa, viini vimedondokea tumboni badala ya kupita kwenye mrija wa mayai, na tumbo likavimba kwa uambukizo.

Sababu nyingine ni upungufu wa kalsiamu, na huu mara nyingi tunautengeneza wenyewe. Chakula cha kuku wa mayai huwa na kalsiamu asilimia 3.5 hadi 4. Mahindi karibu hayana kabisa, kwa hiyo ukichanganya nusu kwa nusu ili chakula kidumu, umeshusha kiwango hadi karibu asilimia 2. Dalili hutangulia: mayai yenye ganda laini, kuku kulegea miguu. Ganda hujengwa kwa takriban saa 20, sehemu kubwa usiku, kwa hiyo weka chokaa ya mifugo yenye chembe kubwa au maganda ya chaza yaliyopondwa kwenye chombo cha peke yake, kuku ale mchana kadiri anavyohitaji. Mahindi yabaki kiganja kidogo cha jioni.

Ukitaka uchunguzi wa maabara, wahi. Manyoya hutunza joto na matumbo huanza kuoza mapema. Lowesha mzoga kwa maji baridi yenye sabuni hadi kwenye ngozi, utie kwenye mifuko miwili ya plastiki, uuweke kwenye ubaridi wa nyuzi 4 mbali na chakula cha watu, na uufikishe ndani ya saa 24. Usiugandishe, kwani barafu hupasua seli na kuharibu sampuli.

Usipoupeleka, uchome au uufukie kina cha mita 1, mbali na kisima. Osha vyombo vya maji, kisha chunguza kinyesi na ulaji wa waliobaki kila asubuhi kwa siku 14.