Pua ikikataa kunusa: mambo ya kuzingatia kabla hujawasha mbabula (jiko la makaa)

Korona au mafua makali yakikuacha hunusi kitu, na wiki mbili zimepita, usikae ukingoja. Panga nyumba yako upya leo. Wengi pua hurudi baada ya majuma machache, lakini wapo wanaongoja miezi, hata miaka. Mimi niko mwaka wa pili.

Chakula kwanza. Sambaza (samaki wadogo) za jana, sombe (majani ya muhogo) ya juzi, maziwa: mpe mtu mwingine anuse. Hayupo? Tupa, hata roho ikiuma.

Wa gesi, ile harufu mbaya imetiwa makusudi ili ujue inavuja, na wewe haikusaidii tena. Paka povu la sabuni kwenye maungio ya mpira kila ukibadilisha chupa. Na usilale na mbabula ndani: hewa yake inayoua haina harufu hata kwa mwenye pua nzima.

Sasa esansi, yale mafuta ya pikipiki, na hapa nisikilize vizuri. Kwetu Ndosho, mtaa wa Goma, Kongo, mdogo wangu ni motari, dereva wa pikipiki ya abiria, na akiba yake ya esansi aliiweka kwenye bido (dumu) ya njano nyuma ya mlango wa jikoni. Petroli yangu, yaani mafuta ya taa, ya kuwashia makala (makaa) ilikuwa kwenye bido ya njano vilevile. Miaka yote sikuweka alama. Nilikuwa nafungua kifuniko, nanusa, basi. Asubuhi ile nikafungua, nikainama kwa mazoea, sikusikia chochote, nikamwaga juu ya makala. Kiberiti hakikufika hata kwenye mbabula. Moto ulipanda mpaka kwenye bati, ukanishika mkono wa kulia hadi kwenye kiwiko, na kitenge nilichojifunga kikawaka. Jirani alinimwagia ndoo ya maji ya vyombo. Binti yangu alikuwa amesimama mlangoni muda wote. Jioni, ananipepea mkono, akasema: "Mama, mimi nilisikia esansi inanuka. Nilizani unajua."

Kwa hiyo esansi isiingie jikoni kabisa. Bido ya petroli ifunge kitambaa chekundu shingoni. Na waambie watoto wazi: mama hanusi, mkisikia harufu yoyote semeni. Mimi nilikuwa naficha, kwa aibu.

Kirusi cha korona hushambulia zaidi seli zinazozitunza zile za kunusia, juu kabisa ndani ya pua. Za kunusia zikiota upya, mara nyingine huchanganya mambo, kahawa ikanuka kama plastiki inayoungua. Ni mateso, ila si wazimu. Fanya mazoezi ya kunusa ambayo watafiti Thomas Hummel na wenzake wa Dresden, Ujerumani, waliyatoa mwaka 2009: waridi, limau, karafuu, mkaratusi. Kila kimoja kama sekunde 20, asubuhi na jioni, miezi 3 au zaidi, huku ukikumbuka harufu yake ya zamani. Mkaratusi hapa unaokota njiani. Usitie kitunguu saumu puani wala matone yenye zinki, na usiinamie sufuria inayochemka.

Baada ya ugonjwa huo, mishipa ya fahamu nayo iangalie. Ganzi na ulegevu ukianzia miguuni ukapanda siku hadi siku, nenda hospitali siku hiyohiyo. Maombi yafanyike njiani. Huenda ni ugonjwa wa Guillain-Barré, kinga ya mwili inaposhambulia mishipa hiyo, nao unaweza kufika kwenye misuli ya kupumulia. Ukisimama ukaona kizunguzungu na moyo unaenda mbio, kaa kwanza ukingoni mwa kitanda, kunywa maji, uamke taratibu, kisha umweleze daktari. Ukisahausahau, andika, hasa kama umeacha kitu motoni.

Na hayo mengine: nepi ya mtoto ifungue uangalie, manukato mwachie mtu akupimie, javeli, ile klorini ya kufulia, usiichanganye na dawa nyingine ya kusafishia, na chupa ya maji usiyoijaza mwenyewe usiitie mdomoni.