Namna ya Kutambua Kiumbe Hai Katika Tone la Maji kwa Hadubini

Kila mwanafunzi wa biolojia hukariri sifa saba za viumbe hai, yaani kujongea, kupumua, kuhisi, kukua, kuzaliana, kutoa takamwili na kujilisha, lakini wachache huzikumbuka wanapoinamia hadubini. Zoezi linalofaa ni kuchunguza maji ya dimbwi yaliyochotwa pamoja na majani yanayooza.

Beba hadubini kwa mikono miwili, mmoja ukishika mkono wake na mwingine ukikinga kitako. Anza na lenzi fupi ya mara 4. Ikifanya kazi pamoja na lenzi ya jicho ya mara 10, kitu hukuzwa mara 40. Elekeza kioo cha chini kwenye mwanga wa dirisha, kamwe si kwenye jua lenyewe, kwa sababu litakuumiza jicho.

Dondosha tone katikati ya slaidi, yaani kibamba cha kioo cha kuwekea kinachochunguzwa, uegemeze kifuniko cha kioo ukingoni mwa tone, kisha ukishushe taratibu kwa ncha ya sindano ili hewa itoke. Lile duara lenye ukingo mnene mweusi, ambalo wanaoanza hulichora kwa bidii wakidhani ni seli, kwa kawaida ni povu la hewa.

Ukitazama kwa ubavuni, kurubisha lenzi na slaidi. Ndipo uchungulie na kuzitenganisha polepole kwa skrubu kubwa hadi picha itokee, maana vinavyotengana haviwezi kugongana. Ukihamia lenzi ya mara 40, tumia skrubu ndogo pekee. Punguza mwanga, kwa kuwa viumbe wa majini humo ni angavu mno, yaani mwanga hupenya miili yao. Picha huwa imegeuzwa, hivyo kiumbe anayeonekana kukimbilia kulia hufuatwa kwa kusogeza slaidi kulia.

Katika kuamua kipi ni hai, mwendo ndio unaodanganya zaidi. Mwaka 1827 mtaalamu wa mimea Robert Brown aliona chembe zilizotoka kwenye chavua zikitikisika majini bila kukoma. Alipojaribu vumbi la vitu visivyo na uhai, nalo lilitikisika vivyo hivyo, kwa kuwa molekuli za maji huzigonga chembe ndogo kutoka kila upande. Kwa hiyo chembe inayotetemeka bila kuelekea popote isiitwe hai kwa sababu hiyo tu. Paramesiamu, kiumbe wa seli moja, yeye huogelea, na akigonga kizuizi hurudi nyuma na kushika njia nyingine, ambako tayari ni kuhisi. Mpunguzie mbio kwa nyuzi chache za pamba, kisha umtazame kwa ukuzaji wa mara 400: utaona kijifuko kikijaa maji na kuyatema nje, kikijaa tena na kutema. Ukibahatika, utamkuta mmoja amebanwa katikati, akijigawa kuwa wawili.

Kupumua hakutaonekana, na kukua huhitaji muda mrefu kuliko kipindi kimoja. Andika kando ya mchoro ukuzaji uliotumia, pamoja na zile sifa tu ulizoziona kwa macho yako.