Kuhamisha hesabu za duka kutoka daftarini kwenda kwenye kompyuta

Mimi ni mtunza hesabu wa duka la vifaa vya ujenzi hapa Morogoro. Kwa miaka mingi niliandika kwa mkono: kaunta buku la mauzo, la wadaiwa, na la tatu la mzigo wa stoo. Tulipohamia kwenye kompyuta nilikutana na mambo ambayo aliyetufungia programu hakuyagusa kabisa, na ndiyo ninayotaka uyajue kabla hujatoa hela yako.

Usianze na programu. Anza na stoo. Mwisho wa mwezi fungeni duka mapema, mhesabu wawili wawili, mmoja akitaja na mwingine akiandika. Idadi mliyoikuta ndiyo mnayoingiza, hata kama daftari linasema vingine. Letu lilisema tuna mifuko 118 ya saruji, tulikuta 109. Ningeingiza 118, kosa la daftari lingehamia kwenye kompyuta na kukaa humo.

Kazi kubwa iko kwenye vipimo. Misumari tunanunua kwa katoni ya kilo 25, tunauza kwa kilo, hadi nusu na robo. Nondo zinakuja kwa tani, zinatoka kwa kipande. Anayeandika daftari anaelewa mwenyewe, lakini kompyuta inachukua namba uliyoipa. Wiki ya kwanza kijana wetu wa stoo alipokea katoni 4 za misumari ya inchi 4, akaingiza 4. Tukauza kilo 35, na jioni salio likasoma hasi 31. Basi chagua kipimo kimoja kwa kila bidhaa, kile unachouzia, na mzigo ukifika ugeuze kwanza: katoni 4 ziingie kama kilo 100. Kila bidhaa pia iwe na jina moja na namba yake. Mmoja akiandika "msumari nchi 4" na mwenzake "misumari mirefu", utakuwa na bidhaa mbili na hakuna hata moja yenye salio la kweli.

Kisha endesha vyote viwili, daftari na kompyuta, mwezi mzima. Inachosha, najua, lakini usiruke hatua hii. Kila jioni linganisha jumla za mauzo. Zisipooana, gawanya tofauti kwa 9. Ikigawanyika bila baki, mara nyingi kuna mtu amegeuza tarakimu: 54,000 imeandikwa 45,000, tofauti 9,000. Kwa wadaiwa, gawanya tofauti kwa 2 utafute kiasi hicho. Fundi akilipa 60,000 ukamwandika amekopa, deni lake litazidi kwa 120,000. Mbinu hizi ni za enzi za leja za mkono, na bado zinaniokoa.

Fedha taslimu, Lipa Namba na benki kila moja iwe na akaunti yake. Ukizichanganya hutajua pesa iliyopungua imepungua wapi. Jioni pia chukua ripoti ya Z, yaani jumla ya mauzo ya siku inayotolewa na EFD, ile mashine ya risiti za kodi, uilinganishe na mauzo yaliyomo kwenye programu.

Faida niliyoiona mapema ni kwenye madeni. Mafundi wetu hukopa na kulipa pale mwenye nyumba anapowalipa. Zamani nilimaliza nusu siku nikifunua kurasa kutafuta nani anadaiwa nini. Sasa Jumamosi asubuhi natoa orodha ya madeni yaliyopita siku 30 na kuanza kupiga simu kabla chai haijapoa. Ila kama una genge lenye bidhaa kumi na hukopeshi, daftari linakutosha. Hela ya kompyuta ongeza mzigo.

Kila mfanyakazi awe na nywila yake. Mauzo yaliyokosewa yasifutwe. Yarudishwe kwa ingizo jipya lenye maelezo, ili alama ibaki. Nakala ya data iweke kwenye flashi mbili, moja ilale nyumbani, maana sheria ya kodi Tanzania inataka kumbukumbu zitunzwe miaka 5.

Daftari letu bado lipo kaunta. Umeme ukikatika tunaandika humo, ukirudi naingiza, na kila ukurasa niliomaliza naupiga mstari mwekundu kutoka kona hadi kona, usije ukaingizwa mara mbili.