Klachi ya Boxer ya zamani: kuzitambua pleti na kuzibadilisha

Boxer iliyokula chumvi ya Malindi miaka mingi mara nyingi si pikipiki moja tena. Tangi limetoka kwa hii, injini kwa ile, kifuniko cha klachi kimeokotwa kwa muuza vyuma. Ukienda duka la spea ukasema "nipe klachi ya Boxer", utaulizwa ni ya 100 au ya 150 (ukubwa wa injini kwa cc), nawe utajibu kwa kutazama stika ya tangi. Stika haijui ndani ya injini mna nini. Ndiyo maana kwangu kununua huja baada ya kufungua, si kabla.

Nimeandika kwa Boxer kwa sababu ndizo ninazozishika zaidi, lakini TVS na Honda ndogo zenye klachi ya mkono hufuata njia hii hii.

Hatua ya 1: Hakikisha ni klachi kweli

Kijana huja, injini hata hajaizima: "Fundi, klachi imekwisha, nitie nyengine." Mwanangu, ngoja kwanza. Klachi ina maradhi mawili na hayafanani. La kwanza ni kuteleza: unavuta mafuta, injini inalia, pikipiki haiendi kwa kadiri ya kelele. Wabebaji wa madumu ya mnazi kutoka Ganda na Jilore wanalijua sana. La pili ni kutoachia: umeshika mkono wa klachi hadi mwisho, ukiingiza gia pikipiki inaruka mbele, na niutrali huipati mpaka uzime.

Yote mawili yanaweza kuletwa na kebo tu. Shika mkono wa klachi, utikise taratibu. Lazima uwe na ulegevu kidogo kabla haujaanza kuvuta kitu, kwa pikipiki hizi milimita 2 hadi 3 ukipima pale mkono unapokutana na kishikilio chake. Ukikosa ulegevu, springi hazibani sawasawa na pleti zinateleza hata zikiwa mpya. Ukizidi, pleti haziachani. Kisha chomoa kebo upande wa injini, uvute waya wa ndani kwa vidole. Ukikwaruza au ukikwama, kebo imeoza kwa chumvi. Badilisha hiyo, jaribu tena, huenda kazi ikaishia hapo kwa bei ndogo.

Kebo ikiwa nzima, mahali tambarare, injini ikiwa na moto, ingiza gia ya juu kabisa, shika breki ya mbele na ya nyuma, ongeza mafuta kidogo, uachie klachi polepole. Injini ikizimika, klachi inashika. Ikiendelea kunguruma na pikipiki imesimama, pleti zinateleza. Usirudie mara nyingi, kila jaribio linazichoma.

Uliza pia ametia oili gani. Klachi hii inaogelea ndani ya oili ya injini, na baadhi ya oili za magari zimetiwa dawa ya kupunguza msuguano, ambayo ni nzuri kwa gari na sumu kwa klachi ya pikipiki. Tafuta maandishi JASO MA au MA2 kwenye kopo. Boxer hutumia oili ya uzito wa 20W50. Ukikuta oili ya gari, imwage, tia sahihi, umwache atembee siku kadhaa kabla ya kufungua chochote.

Hatua ya 2: Fungua

Mwaga oili. Kwenye Boxer klachi iko upande wa kulia, kwa hiyo kiki inatoka, na pedeli ya breki inaweza kukuzuia. Ilegeze ishuke chini. Mkono mdogo unaovutwa na kebo ukiwa juu ya kifuniko chenyewe, ondoa kebo.

Bolti za kifuniko hazilingani urefu. Chora umbo la kifuniko kwenye kipande cha boksi, toboa matundu, kila bolti ichomeke mahali pake. Bolti ndefu ikiingia kwenye tundu fupi itapasua alumini. Pikipiki zinazofanya kazi Gongoni na Marereni, kwenye mashamba ya chumvi, bolti zake huwa zimeshikana na alumini, basi zipulizie dawa ya kutu jioni ufungue asubuhi. Kifuniko kikigoma, kigonge kwa nyundo ya mpira pembeni. Usichomeke bisibisi kwenye maungio, mkwaruzo wake utavujisha oili milele.

Ndani utaona presha pleti, ile sahani ya juu inayozibana nyingine, yenye springi. Legeza bolti zake kwa kupokezana, kidogo kidogo, moja hii na nyingine ya mkabala wake, springi zisisukume upande mmoja. Toa presha pleti, uangalie kipini cha kusukumia kisipotee. Hapo pleti zimepangwa kama chapati kwenye hotipoti: ya lainingi (yenye utando wa kushika uliogundishwa), ya chuma, ya lainingi, ya chuma. Kabla hujatoa hata moja, piga picha kwa simu. Kisha zitoe moja moja, uzilaze kwenye gazeti kwa mpangilio ule ule. Kwa kawaida ya lainingi ndiyo huanza na ndiyo humaliza. Kwenye baadhi ya injini pleti moja ya lainingi huwa na tundu kubwa kuliko wenzake, nayo ina mahali pake maalumu.

Habu (kitovu cha katikati) na hausingi (kikombe cha nje kinachozishika pleti) ziache pale pale. Kubadilisha pleti hakuhitaji kufungua nati ya katikati, na anayeigonga kwa patasi huharibu shafti kwa kazi isiyokuwepo.

Hatua ya 3: Soma ulichotoa

Hapa usiharakishe. Pangusa pleti ya lainingi, uipime unene kwa kaliba sehemu kadhaa, si moja. Nyingi za pikipiki ndogo zikiwa mpya ni karibu milimita 3, na kitabu cha sevisi cha modeli yako kina kiwango cha mwisho. Hata kama unene ungalipo, inuse. Iliyoungua ina harufu kali ambayo haitoki kwa petroli, uso wake umekuwa mweusi na unang'aa kama umepakwa vanishi. Hiyo haifai, hata uisugue kwa msasa.

Pleti za chuma watu hutupa bure. Laza kila moja juu ya kioo cha dirisha kilicho sawa. Fila (kibapa chembamba cha kupimia nafasi) ya milimita 0.2 ikipenya chini yake kwa urahisi, pleti imepinda. Ikiwa na madoa ya buluu, imepikwa kwa joto, iache. Iliyonyooka na isiyo na doa inarudi kazini.

Springi zisimamishe pamoja mezani. Moja ikiwa fupi, badilisha zote. Kisha pitisha kidole kwenye nafasi za hausingi, pale masikio ya pleti yanapoingia. Ukihisi vijishimo, hapo pleti zinakwama na ndiyo sababu ya klachi kutoachia. Vijishimo vidogo vinasawazishwa kwa tupa laini, ukiwa umeziba ndani kwa kitambaa, na vumbi la chuma lote litolewe. Vikiwa virefu, hausingi imekwisha.

Hatua ya 4: Sasa nenda dukani

Chukua pleti moja ya kila aina, springi moja, na picha ya namba iliyogongwa kwenye mwili wa injini. Namba hiyo ndiyo inayosema ukweli, tena ilinganishe na logibuku (kitabu cha umiliki), kwa sababu ikitofautiana una shida kubwa kuliko klachi.

Weka pleti mpya juu ya kuukuu. Masikio yahesabike sawa na yakae sawa, tundu la ndani lilingane, meno ya pleti ya chuma yalingane. Idadi kwenye pakiti iwe ile uliyotoa, kwa kuwa pakiti mbili zenye picha moja zinaweza kuwa na idadi tofauti. Rangi ya lainingi isikudanganye. Angalia gundi: kwaruza pembe kwa ukucha, na ikimeguka rudisha. Masikio yenye kingo zenye makovu ya kukatwa vibaya yatakula hausingi yako. Muuzaji akikataa usifungue pakiti, kuna duka jingine.

Hatua ya 5: Rudisha

Lowesha pleti za lainingi kwenye oili ile ile ya injini, usiku kucha ukiweza. Zikiingia kavu zitaungua kwenye safari ya kwanza. Pleti ya chuma ina upande wenye ukingo mkali na upande uliolainika. Zote zitazame upande mmoja.

Panga kwa kufuata picha. Presha pleti ikae imezama kwenye meno yake. Ikiwa imepanda juu ya jino na ukakaza, itapasuka. Bolti za springi ni ndogo na zinaingia kwenye alumini, kwa hiyo zikaze kwa msalaba, nguvu ya kama nyutoni-mita 10 tu, tumia spana fupi. Kwangua gasketi yote ya zamani, tia mpya, hakikisha pini za kuongozea kifuniko zipo, na oili sili ya kiki ikiwa ngumu ibadilishe leo, usingoje ivuje.

Tia oili kwa kipimo, weka ulegevu wa kebo, washa. Siku za mwanzo mwenye pikipiki asibebe mishikaki wala gunia la makaa, na kwenye mchanga wa Mambrui au kile kipando cha Marafa asikae na klachi nusu, kwani hapo ndipo pleti mpya huisha. Baada ya siku chache ulegevu utabadilika kwa kuwa pleti zinakaliana. Akupitie tena, uzungushe kirekebishi hadi milimita zile 2 au 3 zirudi.