Kuhamisha pesa za kikundi kutoka sandukuni kwenda kwenye simu

Mimi ni mhazini wa kikundi cha kuweka na kukopa huku Muheza, mkoani Tanga, Tanzania, wanawake 24. Miaka yote pesa zetu zilikaa kwenye sanduku la bati lenye kufuli tatu: funguo kwa watu watatu, sanduku kwa wa nne. Kuhamia kwenye simu tulikosea mambo kadhaa, msiyarudie.

Anzeni na usajili. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inavitambua vikundi vyetu katika daraja la nne, na usajili wenyewe unapitia halmashauri.

Pesa msiziweke kwenye laini ya mhazini, hata mkimwamini vipi. Laini ina jina la mtu mmoja. Akifariki, jasho lenu linachanganyika na mirathi. Chukueni akaunti ya kikundi, kama M-Koba, ambayo kutoa pesa kunahitaji idhini ya wenzenu. Hizo ndizo kufuli zenu sasa.

Kabla ya kugawana, pigeni hesabu ya makato ya miamala ya simu. Sisi hatukupiga. Mgao ukapungua, na wengine wakadhani nimekula.

Namba ya siri ni ya mtu mwenyewe. Bibi mmoja kwetu alikuwa akimpa mjukuu simu amfanyie kila kitu. Nilikaa naye jioni tatu mpaka akaweza kubonyeza mwenyewe. Nilimfundisha na ule ujumbe wa matapeli, "ile hela tuma kwenye namba hii": usijibu, usitume.

Sasa jambo linaloniuma. Watu walianza kutuma hisa, yaani akiba zao za kikao, wakiwa nyumbani, kikao kikabaki na watu tisa. Mwenzetu mmoja akalazwa na mtoto hospitalini wiki nzima. Hisa zake ziliingia kama kawaida, na hakuna aliyejua. Enzi za sanduku, asingeonekana tungemfuata kwake jioni ileile.

Basi tukabadili katiba. Hisa tuma popote ulipo, ila mchango wa mfuko wa jamii, ule wa kusaidiana kwenye shida, shilingi 1,000, unauleta mwenyewe kikaoni. Asiyefika, wawili wanakwenda kumwona kabla ya siku kuisha.

Daftari msilitupe. Kila kikao nasoma salio kwa sauti, katibu anasoma daftari, na kila mmoja anafungua ujumbe wake. Zikipishana hata kwa shilingi 500, kikao hakifungwi.